Kikundi cha data huria cha wapangamiji: mbona watu wanapungua?

Swali: Tumeanzisha kikundi cha kujifunza QGIS (programu huria ya ramani) na Python (lugha ya kuandikia programu) kwa kazi za mipango miji. Kikao cha kwanza watu walijaa, cha tatu tukabaki wachache. Tatizo ni nini?

Jibu: Mara nyingi kinachowakimbiza ni kikao cha kwanza kuishia kwenye kusakinisha programu. Tumeni maelekezo wiki moja kabla, wote wawe na toleo lilelile la QGIS, la LTR (linalodumishwa kwa muda mrefu), na faili la kusakinishia liwe kwenye flashi, maana intaneti ya ukumbini huelemewa. Python ingojee. Zamu yake ikifika, gawaneni faili moja la mazingira la conda-forge, yaani orodha ya vifurushi vya kusakinishwa kwa conda kutoka hazina hiyo. GDAL (maktaba ya kusoma data za ramani) ya conda ikichanganywa na ya pip, kisakinishi kingine cha Python, hugombana.

Kisha acheni kufundisha vitufe. Chukueni swali moja la mji wenu: nyumba zipi ziko zaidi ya mita 800 kutoka kituo cha basi? Pakueni barabara, majengo na vituo kutoka OpenStreetMap (ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea), mviweke kwenye GeoPackage moja, yaani faili moja linalobeba tabaka zote. Shapefile, muundo wa zamani wa faili za ramani, hukata majina ya safu yakizidi herufi 10, na mtu akituma .shp bila faili wenzake .shx na .dbf, mwenzake ameambulia patupu.

Wengi hukwama kwenye bafa, yaani eneo la mita 800 kuzunguka kila kituo. Data ikiwa EPSG:4326 (mfumo wa latitudo na longitudo), vipimo vyake ni nyuzi, kwa hiyo 800 husomwa nyuzi 800 na ramani nzima humezwa. Geuzeni tabaka liwe kwenye kanda ya UTM ya eneo lenu (mfumo unaopima kwa mita) kwa "Reproject Layer". Msitumie "Set Layer CRS": hiyo hubadili lebo ya mfumo tu, namba zinabaki zilezile, na tabaka huhamia mbali kabisa.

Bafa ikishatoka, pimeni tena kwa kufuata barabara. Nyumba iliyo ng'ambo ya reli itatoka nje ya mita 800 ingawa duara liliihesabu. Ubishi unaozuka hapo ndio huwarudisha wapangamiji kikao kinachofuata, basi uachieni muda.

Kila mtu apewe mtaa wake, na mwenzake aukague. Kituo kinachokosekana kiongezeni kwenye OpenStreetMap yenyewe baada ya kukiona kwa macho. Kukinakili kutoka Google Maps hakuruhusiwi, na kikigundulika kitafutwa.