Mna SAP tayari? Anzieni hapohapo
Mkuu, umeuliza mchukue programu gani ya kutoa profoma za jenereta wakati SAP, mfumo wa kuendesha biashara, mnayo, mi ningeanza na SAP CPQ, programu yao ya kupanga bidhaa, bei na profoma, ile SAP waliyoipata 2018 waliponunua kampuni ya Callidus, maana kama sheria za kifaa kipi kinakaa na kipi ziko ndani ya SAP tayari, ya nini kuziandika upya kwingine? CPQ ya Oracle waachie wenye mfumo wa Oracle.

Halafu demo isikudanganye, wape wauzaji wa programu oda yenu ngumu kabisa, jenereta ya kVA 500 yenye ATS (swichi inayohamisha umeme yenyewe), diskaunti ya bosi na VAT 18% juu, uangalie bei inavutwa SAP kwenyewe au kuna jamaa anapakia Excel kila Jumatatu. Sisi ilikuwa Excel, profoma ikatoka na bei ya zamani, mteja akaing'ang'ania hiyohiyo 😅