Programu ipi ya bei nafuu itanisafishia sauti ya video?

SWALI: Nahariri video za mafunzo na mahojiano. Picha haina shida, ila sauti ina mvumo wa feni na mwangwi wa chumba, na programu yangu ya bure haijui zaidi ya kupandisha na kushusha sauti. Rafiki amenipa programu kubwa ya kulipia iliyokrakiwa (imevunjwa kufuli la leseni), anasema ina kitufe kimoja kinachosafisha kila kitu. Nitumie hiyo, au kuna ya bei nafuu yenye nguvu upande wa sauti?

JIBU: La bei ndilo jepesi, tulimalize. DaVinci Resolve ya Blackmagic Design ina toleo la bure, na ndani yake mna ukurasa mzima wa sauti uitwao Fairlight. Fairlight ilikuwa kampuni ya kutengeneza mitambo ya studio kabla Blackmagic hawajainunua mwaka 2016. Utapata humo ikwalaiza (ya kupandisha au kushusha besi na sauti nyembamba), kompresa (ya kukandamiza sauti kubwa), limita (ya kuzuia sauti isivuke kikomo), kipunguza kelele na mita ya LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia. Toleo la Studio ni dola 295, unalipa mara moja basi. Ubaya wake ni uzito: kompyuta yenye RAM ndogo na kadi ya picha dhaifu italia. Ikiwa ndiyo hali yako, kata picha kwenye Kdenlive au Shotcut, zote za bure, kisha sauti uipeleke Reaper, programu ya kuhariri sauti. Hiyo unaijaribu siku 60 kabla ya kulipa, na leseni yake ya bei ya chini ni dola 60.

Sasa hicho kitufe. Karibu kila anayeniletea kazi ameshakibonyeza, na karibu kila mara naomba faili ya mwanzo kabla haijaguswa. Kipunguza kelele cha kawaida husikiliza kipande kisicho na maneno, hukariri sura ya kelele, yaani iko masafa gani kati ya besi na sauti nyembamba, kisha hushusha masafa hayo kote. Kwa feni inayovuma vilevile muda wote, kinasaidia. Lakini mvumo wa feni umekaa kwenye masafa yaleyale inamokaa sauti ya mtu. Ukikibana sana, "s" na "sh" zinaondoka pamoja na feni: "shida" inasikika "ida", na msemaji anakuwa kama anaongea kutoka ndani ya pipa la maji. Shusha desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 6 hadi 10, uishie hapo. Feni ikibaki kwa mbali, mtazamaji atavumilia. Maneno yaliyoliwa hatayavumilia.

Mwangwi ndio mgumu zaidi, maana huo ni sauti yako mwenyewe iliyogonga ukuta ikarudi imechelewa. Hata hizi programu za akili bandia zinazoahidi kuutoa, chumba kikiwa kibaya kweli huishia kukata miisho ya maneno au kumpa msemaji sauti isiyo yake.

Hapa ndipo uvumilivu unaponiishia: watu wanalinganisha programu wiki nzima huku maiki ikiwa juu ya kamera, mita mbili kutoka mdomoni. Kila umbali unapopungua kwa nusu, sauti inayofika moja kwa moja hupanda kama desibeli 6, na mwangwi wa chumba hubaki palepale. Sogeza maiki kutoka sentimita 120 hadi 30, umepata desibeli 12 dhidi ya mwangwi bila kuharibu hata herufi moja. Maiki ya kubana kwenye kola, hata ya bei ya chini, itakusaidia kuliko programu yoyote niliyoitaja. Na feni uizime, jamani.

Ukisharekodi hivyo, fuata mpangilio huu: kata besi chini ya Hz 80, punguza kelele kidogo, ikwalaiza, kompresa, mwisho limita kwenye desibeli -1. Wengi hutanguliza kompresa, halafu wanashangaa feni imepanda katikati ya maneno. Ndivyo kompresa inavyofanya: inakandamiza penye sauti kubwa, kisha ukiinua sauti yote, vidogo vyote vinapanda navyo. Kwa YouTube, lenga karibu na -14 LUFS.

Jihadhari pia na wauzaji wa vifurushi vya "sauti ya redio". Ndani yake mna mipangilio ya ikwalaiza na kompresa iliyotegwa kwa koo la mtu mwingine, maiki nyingine na chumba kingine. Kizingiti cha kompresa, yaani kiwango inapoanza kukandamiza, kimewekwa desibeli -20. Sauti yako ikiwa imerekodiwa inacheza kwenye -30, kompresa haitaigusa kabisa. Umenunua hewa.

Na hilo toleo la rafiki yako: mtu hakraki programu ya mamia ya dola akaigawa bure kwa huruma. Yapo yaliyo salama labda, lakini huna namna ya kuyatambua, na maelekezo yake ya kwanza mara nyingi ni uzime antivairasi. Programu za wizi wa nywila husafiri humo, zikachota kila kilichohifadhiwa kwenye kivinjari, ikiwemo akaunti ya chaneli unayoihangaikia. Kama umeshaifungua, badili nywila zako ukitumia kompyuta nyingine, uondoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, kisha uifute hiyo mashine yote na kuiwekea mfumo endeshi upya kabla hujapakua Resolve.