Maswali ya Wasomaji: Chama cha Kikristo na Washirika Wasio wa Imani Yake

SWALI: Ndugu Mhariri, vijana wa kanisa letu hapa Masasi tumebishana kuhusu ACDP, chama cha Afrika Kusini kinachofuata maadili ya Biblia. Wenzangu wanasema chama kinachopinga utoaji mimba kinaisaliti imani yake kikishirikiana na vyama vinavyouruhusu. Je, ni kweli? Na chama cha namna hiyo kinaweza kuanzishwa hapa kwetu? – Msomaji, Masasi.

JIBU: Ndugu msomaji, wenzako wana haki ya kuuliza, lakini nadhani wanachanganya mambo mawili: kuungana ili kutunga sheria za nchi na kuungana ili kuendesha mji.

ACDP kilianzishwa mwaka 1993 na Mchungaji Kenneth Meshoe, na katika uchaguzi wa 1994 kilipata viti viwili tu kati ya 400. Mwaka 1996, Katiba mpya ya Afrika Kusini ilipopigiwa kura, wajumbe 421 waliiunga mkono, 10 hawakuegemea upande wowote, na wawili walioikataa ni wale wa ACDP. Mtu anaweza kutokubaliana nao, nami nina mashaka yangu kuhusu kura ile, lakini hawezi kusema kwamba walificha msimamo wao ili wapendwe na wakubwa.

Sasa tazama mwaka 2006. Katika halmashauri ya jiji la Cape Town hakuna chama kilichopata wingi wa viti. Chama cha DA, ambacho ni cha kiliberali, kilikuwa na viti 90 kati ya 210, ANC, chama kilichokuwa kikitawala nchi, kilikuwa na 81, na ACDP saba. DA kilikusanya vyama vidogo, kikiwamo ACDP na pia chama cha Waislamu, na Helen Zille akachaguliwa kuwa meya kwa kura 106 dhidi ya 103. Diwani wa ACDP akapewa unaibu meya. Mwaka huohuo, katika Bunge la nchi, ACDP kilipinga sheria iliyoruhusu ndoa za jinsia moja. Hapo sioni usaliti wowote, kwa sababu meza ya halmashauri haiamui ndoa wala mimba. Inaamua maji, taka, barabara na zabuni, mambo ambayo Mkristo, Mwislamu na mliberali wanaweza kuyakubaliana kwa maandishi na kuyasimamia pamoja bila yeyote kukana anachokiamini.

Ninachokihofia zaidi kwa chama kidogo ni kuachwa njiani. Mwaka 2023 DA, IFP (chama cha Inkatha) na vyama vingine vilitia saini mkataba wa kuiondoa ANC madarakani, na ACDP kikajiunga baadaye. Kila chama kiligombea kivyake. Makubaliano yalikuwa ya kuunda serikali pamoja baada ya kura. Kura zilipohesabiwa mwaka 2024, DA kilikuwa na viti 87, IFP 17, na ACDP vitatu, na hata ukivijumlisha na vya wenzao wote havikukaribia 201 vinavyohitajika. ANC, iliyobaki na 159, ikatafuta washirika, na DA na IFP wakaingia naye serikalini. ACDP kikabaki nje. Mkataba ule ulikuwa na nguvu kwa kadiri tu hesabu ilivyouruhusu, na mwenye viti vitatu hakuwa na la kumzuia mwenye 87 asiende alikoona kuna manufaa.

Huku kwetu kusini mwa Tanzania tumeuona ushirikiano wa aina nyingine. Mwaka 2015 vyama vya upinzani vilivyoungana kwa jina la UKAWA, yaani CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD, vilikubaliana kuachiana majimbo kabla ya kura, na CUF kikachukua Mtwara Mjini, Tandahimba na majimbo yote mawili ya Kilwa. Masasi kwenyewe mnamkumbuka Dkt. Emmanuel Makaidi wa NLD, aliyefariki siku chache kabla ya uchaguzi akiwa mgombea. Kwetu mshindi wa jimbo ni yule mwenye kura nyingi, hivyo wapinzani wasipoachiana mapema hugawana kura na kushindwa wote. Afrika Kusini viti hugawanywa kwa uwiano wa kura, na hakuna kiwango cha chini kilichowekwa na sheria. Ndiyo maana ACDP kimeweza kudumu bungeni kwa miaka 30 kikiwa na asilimia ndogo sana. Kwa mfumo wetu, chama chenye wafuasi wachache waliotawanyika nchi nzima kisingepata hata jimbo moja.

Kuhusu swali lako la mwisho, jibu ni hapana. Ibara ya 20 ya Katiba yetu inakataza kuandikishwa kwa chama ambacho, kwa katiba yake au sera yake, kinakusudia kukuza maslahi ya imani au kundi lolote la dini. Naunga mkono katazo hilo kwa moyo wote, hasa nikikumbuka kwamba katika mikoa yetu ya Lindi na Mtwara Waislamu na Wakristo huishi mtaa mmoja na mara nyingi ukoo mmoja. Katazo hilo haliwafungi midomo ninyi vijana. Mkristo anaweza kugombea udiwani kupitia chama chochote kilichosajiliwa na kusema waziwazi anachokiamini kuhusu familia, kisha akaketi na diwani Mwislamu kupanga bajeti ya zahanati.