Mzee akistaafu maabara, anaondoka na nini?

Siku tuliyomuaga mzee wetu wa maabara ya zege tulichinja mbuzi wawili. Bosi alitoa hotuba, wafanyakazi tukachanga tukamnunulia mzee saa na mkewe doti mbili za khanga, picha zikarushwa kwenye grupu la WhatsApp la kampuni, na tangazo likabandikwa ubaoni: mwenzetu amestaafu baada ya utumishi wa miaka mingi, tunamtakia mapumziko mema. Tangazo lile niliandika mimi. Nilikuwa nimekabidhiwa idara ya ubora miezi minne tu kabla yake, na sikuona kwamba karatasi ile ilinihusu kwa lolote zaidi ya tahajia.

Wiki ya saba tangu sherehe, mhandisi wa saiti moja tuliyokuwa tunaipimia zege alinipigia simu, sauti imemkauka. Zege lake la daraja la 30, yaani linalotakiwa kuvumilia nyutoni 30 kwa kila milimita ya mraba, limefikisha siku 28, tumempa 23. Tena si kyubu moja, kile kipande cha zege tunachokivunja kupima nguvu, ni zote tatu, na kundi la kabla yake lilitoka 24. Slabu, yaani sakafu ya zege, ya ghorofa ya tatu imesimamishwa, mhandisi mshauri anataka maelezo, vibarua wamekaa kivulini na siku zao zinahesabiwa. "Dada," akaniambia, "saruji ni ileile, kokoto zinatoka palepale Lugoba, vipimo vya kuchanganya sijagusa. Kwenu huko kumebadilika nini?"

Nikamjibu papo hapo kwamba kwetu hakuna kilichobadilika. Mashine ina cheti cha ugezi, yaani cha kuhakiki usahihi wa vipimo vyake, ambacho hakijaisha muda, njia ya kupima ni ileile, fomu ni zilezile. Jibu hilo nalijutia mpaka leo, kwa sababu kilichobadilika kilikuwa bado kinaning'inia ubaoni, kimeandikwa na mkono wangu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuingia maabara ya namna hii, kazi yenyewe ni hii. Zege linapomiminwa saiti, fundi huchukua sampuli akaijaza kwenye maboksi ya chuma yenye milimita 150 kila upande. Kesho yake kyubu zinafunguliwa, zinaletwa maabara, zinazamishwa kwenye tenki la maji. Zikifika siku 7 tunavunja baadhi, zikifika siku 28 tunavunja zilizobaki. Kyubu moja ina uzito wa kilo nane hivi. Unaiweka katikati ya mabamba mawili ya mashine, unaibana mpaka inapasuka, unasoma nguvu iliyoipasua, unagawanya kwa eneo la uso, milimita za mraba 22,500. Ili zege lifike 30, kyubu inatakiwa ivumilie kilonyutoni 675. Wala hukimbizi mashine: viwango vya Ulaya tunavyovifuata vinataka mzigo uongezeke kwa mwendo ulio sawa, kama kilonyutoni 13 na nusu kwa sekunde kwa kyubu ya ukubwa huo, kwa hiyo kyubu nzuri ya daraja la 30 inakaa pale karibu dakika nzima kabla haijasalimu amri.

Ukisoma maelezo hayo utasema kazi hii mtu anajifunza asubuhi moja. Kijana tuliyemweka mahali pa mzee naye aliifundishwa, akaisoma, akasaini kwamba ameelewa. Ana stashahada, ni msafi wa kazi, hachelewi. Nilipoamua kwenda kukaa pembeni ya mashine nimwangalie, nilikaa saa nzima bila kuona kosa. Anafuta maji kwenye kyubu, anasugua mabamba kuondoa punje za mchanga, anapima katikati kwa rula, mzigo anaupandisha taratibu. Ila kila kyubu ilipopasuka ilipasukia pembeni, upande mmoja unabomoka na mwingine umesimama mzima.

Kyubu iliyovunjika inavyotakiwa huacha kiini chenye kiuno, kama piramidi mbili zilizogusana kwa ncha, na pande zote nne zimebanduka karibu sawa. Nikachukua faili la nyuma. Mzee, kwenye nafasi ya "umbo la mpasuko", alikuwa anachora kajichoro kadogo kwa penseli, kyubu baada ya kyubu, miaka yote. Kijana alikuwa anaandika "kawaida".

Nikamwomba aweke nyingine, safari hii polepole. Ndipo nikaona. Namba ya sampuli huandikwa kwenye uso wa juu, ule uliosawazishwa kwa mwiko zege likiwa bichi. Kijana alikuwa anaiweka kyubu uso huo ukitazama juu, ili aisome namba mpaka dakika ya mwisho asije akachanganya sampuli za wateja. Nia yake ilikuwa uangalifu. Lakini uso wa mwiko, hata ukiuona laini, una vilima na mabonde. Bamba likishuka linagusa vilima kwanza, nguvu yote inarundikana hapo, na zege zuri linapasuka kabla ya wakati wake. Kyubu inatakiwa igeuzwe ubavu, nyuso zilizogusana na chuma cha boksi ndizo ziingie kwenye mabamba, kwa sababu hizo ndizo zilizonyooka.

Je, utaratibu wetu haukusema? Ulisema. Ukurasa wa nne, sentensi moja, kwa Kiingereza, kwamba mzigo uwekwe kwa pembe mraba na mwelekeo wa kumimina. Nilimuuliza alielewaje maneno hayo. Akanijibu bila kuficha kwamba alidhani yanazungumzia namna zege lilivyomiminwa saiti, na yeye hayuko saiti. Mzee hakuwahi kuisoma sentensi ile. Alikuwa anageuza kyubu kwa kiganja kama mama anavyogeuza chapati, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kwa nini.

Tulichukua kyubu sita za zege moja. Tatu tukazivunja kwa namna ya kijana, tatu tukazigeuza. Za kwanza zote zilipasuka chini ya kilonyutoni 540. Za pili zote zilivuka 690. Kijana alishika kichwa akakaa juu ya ndoo.

Hapo ndipo kazi ya ubora inapouma. Kiwango cha ISO/IEC 17025, toleo la 2017, ambacho ndicho maabara za upimaji hupewa ithibati kwa kukifuata, kina kifungu cha 7.10 kinachohusu kazi iliyofanyika nje ya utaratibu: unasimamisha, unapima athari, ikibidi unamjulisha mteja na kuirudisha ripoti. Tulikuwa na ripoti 11 za wiki zile saba. Bosi alisoma orodha, akavua miwani, akaniuliza kama hatuwezi kurekebisha kuanzia leo tukaendelea mbele. Sikumlaumu. Barua kumi na moja za kukiri kosa ni barua kumi na moja za kumfukuza mteja. Nikamwambia kwamba wiki zile tumempunguzia mtu nguvu ya zege lake, na hasara yake ni pesa na muda. Mikono hiyohiyo ikilegea upande mwingine, siku moja tutamuongezea mtu nguvu asiyokuwa nayo. Wote wawili tulikuwa Dar es Salaam Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lilipoanguka mtaa wa Indira Gandhi na kuua watu 36. Hakuna aliyelitaja siku ile mezani. Barua zilitoka kesho yake asubuhi.

Slabu ya yule mhandisi tuliikata koa, kipande cha mviringo kinachotobolewa kwenye zege lililokwisha kukauka, tukakipima kwa gharama yetu na zege likaonekana halina tatizo. Yeye bado ni mteja wetu. Kuna mwingine aliondoka na hajarudi, na ana haki.

Basi ushauri wangu kwa wewe unayesimamia maabara au kampuni ya ukaguzi, iwe ya zege, nondo, mafuta au mabomba, ni huu: habari ya mfanyakazi ichukulie kama habari ya mashine. Mashine ikihamishwa chumba tu, wote tunajua lazima iangaliwe upya kabla ya kutumika. Mtu akihama, akistaafu, akienda likizo ya uzazi, akipandishwa cheo, tunanunua keki. Kifungu cha 6.2 cha kiwango hichohicho kinataka umchague mtu, umfundishe, umsimamie, umpe idhini ya kazi mahususi, kisha uendelee kumfuatilia. Sisi wengi tunaishia kwenye kufundisha, tena kwa kusainisha karatasi. Idhini nayo tunaitoa kwa jumla, "fundi wa maabara", kana kwamba anayejua kuvuta nondo anajua na kuvunja kyubu.

Kwetu sasa tangazo la mfanyakazi haliendi ubaoni kabla halijapita kwenye meza yangu. Kwanza nauliza anayeondoka alikuwa ana idhini ya vipimo gani, na ni nani mwingine anayo. Kama ni yeye peke yake, kipimo hicho tunakisimamisha au tunamwomba akae nasi zaidi. Kisha anayeondoka na anayeingia wanapima sampuli moja, kila mmoja kivyake, bila kuoneshana majibu, na tofauti yao naiandika. Nimegundua kwamba siku hizo chache ndizo wazee wanaposema mambo ambayo hawakuwahi kuyasema. Mmoja aliniambia anajua kyubu iko karibu kupasuka kwa mlio, "inaanza kunong'ona, mwanangu", na kwamba akisikia mnong'ono mapema anazima mashine aangalie kama imekaa sawa. Utaratibu wetu haukuwa na neno hilo. Sasa unalo.

Na kama aliyeondoka ni mtia saini wa kiufundi wa ripoti zenye ithibati, usisubiri ukaguzi. Chombo kilichokupa ithibati, SADCAS kwa wengi wetu Tanzania au KENAS kwa wenzetu wa Kenya, kitataka kijue mapema, na ni vizuri wakisikia kwako kuliko wakikuta jina la mtu asiyekuwepo.

Usiwasahau wasio na koti jeupe. Maji ya tenki letu yanatakiwa yabaki nyuzi 20, yasizidi wala kupungua zaidi ya 2, na kwa Dar es Salaam ya mwezi wa pili hiyo ni kazi ya kupoza usiku na mchana. Jumamosi na Jumapili aliyekuwa anasoma kipimajoto na kuandika daftarini ni mlinzi wa getini. Kampuni ya ulinzi ikabadilishwa, akaja mwingine, hakuna aliyemwambia. Mwisho wa wiki nne mfululizo daftari likabaki tupu, na mkaguzi alipolifungua alisimama kwenye kurasa hizohizo. Nashukuru hakuna aliyejaza namba za kubuni. Pengo unaweza kulieleza, namba ya uongo huwezi.

Kwa wenzangu wa ukaguzi wa welding mambo ni hayohayo, tena joto ni kali zaidi, maana vijana wenye vyeti wanatafutwa. Bomba la mafuta la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina kilomita 1,443, na maungio yake yanahitaji watu wa kuyakagua. Kijana wako akipata nafasi nzuri huko, mpongeze umwache aende. Ila usimchukue mwenye cheti cha daraja la kwanza ukamwambia afanye kazi ya aliyeondoka: kwa mujibu wa ISO 9712, kiwango cha vyeti vya wakaguzi hawa, yeye anafanya kazi chini ya usimamizi, kutafsiri majibu si kazi yake bado. Na macho yapimwe kila mwaka. Niliwahi kufanya kazi na mkaguzi hodari aliyeogopa kuvaa miwani asionekane amezeeka, nasi tukaona aibu kumuuliza.

Jambo jingine ambalo nimelibadilisha ni sifa. Tulikuwa na mfanyakazi bora wa mwezi, na aliyeshinda ni yule aliyetoa ripoti nyingi. Tulikuwa tunawafundisha watu kukimbia. Sasa anayesifiwa mbele ya wenzake ni aliyesimamisha kazi kwa sababu ameona kitu hakiko sawa, hata kama baadaye imeonekana kilikuwa sawa. Bosi alichukua muda kulikubali, na bado ananiuliza idadi ya ripoti kila Ijumaa.

Tena andikeni taratibu zenu kwa Kiswahili. Hakuna kifungu kinacholazimisha Kiingereza. Nakala ya Kiingereza ibaki kwa ajili ya mkaguzi akitaka, lakini ile iliyobandikwa ukutani kando ya mashine iwe kwa lugha anayoongea mtu akiwa na mikono imelowa, iwe na picha, na iandikwe pamoja na anayefanya kazi yenyewe.

Ya kwetu aliiandika yule kijana. Hakufukuzwa wala hakupewa barua. Kosa lilianzia kwenye ofisi yangu na nilisema hivyo kwenye kikao. Ndiye aliyeleta wazo kwamba kyubu zikifika maabara, kabla hazijaingia tenkini, namba ihamishwe kwa kalamu ya nta kutoka uso wa mwiko kwenda ubavuni. Kyubu ikigeuzwa vizuri, namba inakutazama usoni. Ikiwekwa vibaya, uso wa juu ni mtupu. Wiki iliyopita binti wa mafunzo kwa vitendo alimuuliza kwa nini hapa wanaandika ubavuni wakati chuoni waliandika juu. Akamwambia aketi, akavuta ndoo, akaanza kumsimulia.