Si Kila Tumbo Linalouma Lina Vidonda

Barua ni nyingi, nafasi ni ndogo. Naanza na ile inayoletwa kila mara na mtu tofauti.

SWALI: Shikamoo daktari. Nina vidonda vya tumbo, mwaka wa nne sasa. Nikimeza omeprazoli natulia, nikiacha vinarudi. Niongeze dawa gani?

JIBU: Marahaba. Usiongeze chochote kwanza. Umenitajia dawa, hukunitajia kipimo hata kimoja. Nimeshasema mara nyingi kwamba maumivu ya chembe cha moyo si jina la ugonjwa. Mahali hapo pana mwisho wa umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni, mfuko wa chakula, mwanzo wa utumbo mwembamba, kifuko cha nyongo chini ya ini, na kongosho kwa nyuma. Moyo nao uko juu tu ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Mawe ya nyongo huuma papo hapo, mara nyingi baada ya mlo wa mafuta, na maumivu yanaweza kupanda hadi bega la kulia. Kongosho likivimba, maumivu hupenya mpaka mgongoni. Wapo waliolala na "vidonda" vyao usiku kucha, kumbe ni shambulio la moyo.

Sasa tuseme ni vidonda kweli. Sababu kubwa ni mbili: bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na dawa za maumivu. Zamani lawama zilikuwa za mawazo na pilipili. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia waliposema ni bakteria, wengi hawakuwasadiki, hata Marshall akamnywa bakteria huyo mwenyewe mwaka 1984, na utando wa tumbo lake ukavimba. Tuzo ya Nobel waliipata mwaka 2005. Miaka yote hiyo, na bado watu wanakatazwa pilipili huku bakteria ameachwa anakula. Omeprazoli inapunguza asidi tu, haimuui. Anayemuua ni antibiotiki, mbili au zaidi, pamoja na hiyo dawa ya asidi, kwa kawaida siku 14 bila kuruka dozi.

Omba kipimo cha pumzi au cha choo. Omeprazoli iachwe wiki 2 kabla, na usiwe umetumia antibiotiki ndani ya wiki 4, la sivyo majibu yatakudanganya. Kipimo cha damu huonyesha kinga ambayo mwili uliitengeneza, na kinga hiyo hubaki muda mrefu baada ya bakteria kufa, kwa hiyo usikubali kutibiwa upya kwa karatasi hiyo peke yake. Na kama unapungua uzito, chakula kinakwama, unatapika damu au choo ni cheusi kama lami, hapo ni hospitali mara moja.

SWALI: Nameza diklofenaki kwa ajili ya mgongo, ila daima baada ya kula. Niko salama?

JIBU: Hapana. Dawa hii, pamoja na ibuprofeni na aspirini, huzuia mwili kutengeneza kemikali zinazolinda utando wa tumbo, na kazi hiyo huifanya ikiwa ndani ya damu. Ndiyo maana hata ukichomwa sindano yake unaweza kupata vidonda. Wengine hawasikii maumivu yoyote mpaka siku wanapotapika damu. Mgongo unaodai dawa kila siku nao unataka kuchunguzwa.

SWALI: Nisafishe utumbo mara ngapi kwa mwaka?

JIBU: Hata mara moja usisafishe. Utando wake hujivua seli kuukuu na kuota mpya kila baada ya siku chache.

SWALI: Nina pumu. Nimepewa dawa mbili za kuvuta, lakini natumia ile ya bluu tu nikibanwa. Nyingine naambiwa ukiianza huiachi.

JIBU: Aliyekuambia hivyo anakuweka hatarini. Katika pumu mirija ya hewa inafanya mambo mawili: misuli yake inakaza, na ukuta wake wa ndani unavimba na kujaa ute. Salbutamoli, hiyo ya bluu, inalegeza misuli na basi. Uvimbe unabaki, na kila siku unayoishi kwa bluu peke yake unazidi kuota mizizi. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu hautaki mtu mzima atibiwe kwa salbutamoli pekee. Dawa ya pili ni steroidi ya kutuliza uvimbe. Dozi yake hupimwa kwa mikrogramu na huenda moja kwa moja kwenye mapafu. Sukutua mdomo ukimaliza, usije ukaota utando mweupe. Haileti uraibu. Kinachorudi ukiiacha ni pumu yako.

Ukishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, au midomo ikageuka rangi, kimbilia hospitali. Mlio wa kifua ukinyamaza ghafla huku bado unahangaika kupumua, usidhani umepona: hewa imekoma kupita.

SWALI: Baba alipata kiharusi. Sasa kila akinywa maji anapaliwa.

JIBU: Njia ya chakula na ya hewa hupishana kooni, na kiharusi huharibu mpangilio wa kufunga moja ili nyingine ipite. Maji yanaingia kwenye mapafu, zaidi la kulia kwa kuwa mrija wake ni mpana na umesimama wima kuliko wa kushoto, na nimonia inafuata. Mlishe akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, kamwe asilishwe amelala. Ombeni apimwe umezaji. Msingoje homa.

SWALI: Mwanangu wa mwaka mmoja na nusu anakohoa. Nimpe antibiotiki iliyobaki ya kaka yake?

JIBU: Usimpe. Mhesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 40, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, mpeleke leo hii.

SWALI: Kwikwi ni ugonjwa?

JIBU: Ikipita saa 48, kapime.

SWALI: Natoa damu nyekundu chooni. Naomba jina la krimu ya bawasiri.

JIBU: Umejuaje ni bawasiri? Mpasuko wa njia ya haja kubwa hutoa damu hiyohiyo, na saratani ya utumbo mpana pia, na kwa macho huwezi kuzitenganisha. Mwache daktari akupime kwa kidole. Ni kazi ya dakika moja, usione haya. Mweleze kama choo chako kimebadilika siku hizi, na kama yupo ndugu wa damu aliyewahi kuugua saratani hiyo.