Jikoni na Wasomaji: Maziwa ya Imbolc yasikatike

SWALI: Naishi Bristol, Uingereza. Mwenzangu wa kazini ni mpagani, na tarehe 1 Februari wanakutana watu 12 bustanini kwa sherehe yao ya Imbolc. Kaniomba nipike maziwa ya moto yenye asali na viungo, maana anajua sisi watu wa pwani hatuchezi na iliki. Nilijaribu juzi, nikakunia tangawizi mbichi ndani ya maziwa. Yakakatika yote, mabonge matupu. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Bristol*

JIBU: Tangawizi ndiyo iliyokuponza, dada. Ikiwa mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini ya maziwa, na hufanya kazi kwa kasi maziwa yakiwa ya moto lakini hayajachemka. Wachina wa Guangdong hufanya hivyo makusudi, wakapata maziwa mgando ya kula kwa kijiko. Wewe ulitaka ya kunywa, kwa hiyo tangawizi ichemshwe kwanza kwenye maji. Kikishachemka, kimeng'enya hicho hakina nguvu tena.

Kwa watu 12 chukua maziwa lita 2, yale yasiyotolewa mafuta. Tangawizi kiasi cha kidole gumba, iliki 10, mdalasini vijiti 2, karafuu 5, asali vijiko 6 vya chakula, kungumanga robo kijiko cha chai na chumvi ya kubana kwa vidole viwili.

Ponda iliki kwenye kinu mpaka maganda yapasuke na punje nyeusi zionekane, usisage unga. Kata tangawizi vipande vyembamba, tia sufuriani pamoja na iliki, mdalasini, karafuu na maji kikombe kimoja, uchemshe dakika 10. Maji yatageuka rangi ya chai hafifu na kupungua karibu nusu. Hapo ndipo umimine maziwa na chumvi, upunguze moto, ukoroge kwa mwiko ukipitisha kwenye kitako cha sufuria. Yakianza kutoa povu dogo pembeni, yaache kwenye moto huo mdogo dakika 15 bila kuyaacha yapande. Epua, chuja, subiri dakika 10, ndipo utie asali. Asali ina uchachu kidogo, na ukiichemsha harufu yake huruka; ukilipia asali nzuri halafu ukaichemsha, ungetia sukari tu. Kungumanga ikunwe juu ya vikombe mwishoni.

Mdalasini wa unga uache dukani. Kwenye maziwa huvuta kama mlenda na kutuama chini, na wa mwisho kumiminiwa hunywa tope. Karafuu nazo zisizidi: zikifika 10 ulimi hufa ganzi na maziwa huwa machungu. Na kama maziwa yamekaribia tarehe yake, chemsha kijiko kimoja kwanza. Yakikatika hapo, umepoteza kijiko, hukupoteza lita 2.

Neno "mpagani" kwetu ni la kebehi, lakini wao hujiita hivyo wenyewe, kwa hiyo usione haya kulitamka. Imbolc ni mojawapo ya sikukuu nne za kale za Waayalandi, inayohusishwa na Brigid, mungu wao wa kike, na majira ambayo kondoo huanza kutoa maziwa. Ndiyo maana wameomba maziwa badala ya mvinyo.

SWALI: Nipo Ayalandi. Wenyeji wangu wanataka yawe maziwa ya kondoo hasa. Nipike vilevile?
*Msomaji, Cork*

JIBU: Hapana. Maziwa ya kondoo yana mafuta na protini karibu mara mbili ya yale ya ng'ombe, kwa hiyo hushika chini upesi na kutanda utando mnene. Changanya vikombe 3 vya maziwa na kimoja cha maji. Suuza sufuria kwa maji baridi na usiifute kabla ya kumimina, tumia yenye kitako kizito, na usiache kukoroga. Yakishika chini, usikwangue! Hamishia maziwa sufuria nyingine kabla harufu ya moshi haijaenea.

SWALI: Wawili kati yao hawali chochote kitokacho kwa mnyama, hata asali. Tena tutakaa nje kwa muda wa saa tatu. Nifanyeje?
*Msomaji, Bristol, tena*

JIBU: Wapikie kando kwa maziwa ya shayiri (oat milk). Haya yakichemka sana huwa mazito kama uji, kwa hiyo chemsha viungo kwenye maji, chuja, kisha tia maziwa na uyapashe tu hadi yatoe mvuke. Utamu uwe wa asali ya tende au sukari.

Kuhusu baridi, mimina maji yanayochemka kwenye chupa za chai, uyaache dakika 5, yamwage, ndipo utie maziwa yakiwa bado ya moto sana. Ukifanya hivyo asali usiitie sufuriani. Ibebe kwenye chupa yake na kila mtu ajitilie. Maziwa vuguvugu ndiyo hatari: yakikaa hivyo zaidi ya saa mbili, mwaga. Kukiwa na mtoto chini ya mwaka mmoja, asali asionjeshwe hata tone.

SWALI: Wameniambia kikombe kimoja kitamwagwa ardhini kama sadaka. Kipimo ni kipi, na je, mimi Mwislamu nikipika nimeshiriki?
*Huyohuyo*

JIBU: Robo kikombe inatosha, kwenye udongo, mbali na mlango, kwani maziwa huvunda na kuita panya. Yapoe kwanza, yasichome mizizi. Hilo la pili muulize shehe wako. Sisi ni watu wa sufuria.