Anadai amana ya miezi minne na hataki nijiandikishe

SWALI: Shikamoo mama. Nimekuja Ujerumani kusomea uuguzi katika hospitali moja hapa Leipzig. Kwa sasa nalala kwa rafiki yangu, na mwisho wa mwezi lazima nimwachie chumba chake. Nimepata nyumba ya chumba kimoja karibu na hospitali. Kodi ni yuro 650 pamoja na maji na joto, bila hivyo ni 480. Mwenye nyumba anataka amana ya miezi minne, yuro 2,600, taslimu na kwa mkupuo mmoja. Tena amenikataza kuandikisha anwani hiyo manispaa. Wenzangu wanasema nikubali tu, mgeni hana la kuchagua. Nifanyeje?
Mwanafunzi wa uuguzi, Leipzig

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimpe hata senti.

Kwenye amana sheria iko wazi, kifungu cha 551 cha sheria ya kiraia. Haitakiwi kuzidi miezi mitatu ya kodi tupu, ile wanayoiita Kaltmiete, kabla hujajumlisha maji, joto na taka. Kwako ni 480 mara tatu, yaani yuro 1,440. Hizo nazo una haki ya kuzilipa kwa awamu tatu, mwezi kwa mwezi, ya kwanza mkataba unapoanza. Pasipoti yako ni ya nchi gani, hilo halihusiki. Na fedha hizo anapaswa kuzitunza mbali na mali zake mwenyewe. Lipa kwa benki, ibaki alama.

Linalonitia hofu zaidi ni hilo la anwani. Ukishahamia una wiki mbili tu za kwenda kujiandikisha, na anayekupangisha analazimika kukupa karatasi ya kuthibitisha kwamba umeingia kwake, Wohnungsgeberbestätigung. Usipojiandikisha, namba yako ya kodi ya mapato haitakufikia, na siku ya kuongeza kibali cha kuishi utakwama dirishani. Mara nyingi anayekataza hivyo ni mpangaji kama wewe, anapangisha kwa siri bila ruhusa ya mwenye mali. Siku mwenye mali akigundua, utatolewa na mabegi yako, na huyo aliyepokea taslimu hutampata kwenye simu. Akitokea mwingine wa kukuuzia anwani ya mahali usipokaa, mkatae pia. Hilo ni kosa, na faini yake itakuangukia na wewe.

Hayo ya kwamba mgeni hana la kuchagua yananiuma, kwa sababu ndiyo yanayowanenepesha watu wa aina hii. Nimepanga nyumba nchi hii miaka mingi, na najua simu inavyokatwa mtu akisikia lafudhi. Ubaguzi upo. Lakini tangu 2006 ipo sheria inayoukataza hata kwenye kupangisha nyumba, na ukibaguliwa una miezi miwili ya kudai haki yako. Kwa hiyo usifute ujumbe wowote anaokuandikia mwenye nyumba.

Kinachowakwamisha wengi wakifika ni Schufa, taarifa ya historia ya madeni, ambayo mtu aliyeingia juzi hana. Badala yake peleka mkataba wako wa mafunzo unaoonyesha posho ya kila mwezi, na barua ya hospitali. Tena kabla ya yote hayo, kesho asubuhi nenda idara ya utumishi uulize kama wana mabweni ya wafanyakazi. Hospitali nyingi wanayo, na hawayatangazi.

Ukipata nyumba ya halali, usipokee funguo kabla hamjazunguka ndani pamoja mkiandika. Nilipohamia Köln tuliandika kila kitu: idadi ya funguo, namba kwenye mita ya umeme, na ufa mwembamba kwenye kigae nyuma ya mlango wa bafu. Nilipohama, mwenye nyumba alitaka kukata pesa ya kigae hicho hicho kwenye amana. Nilimwonyesha karatasi yenye saini yake, akanyamaza. Angalia na jikoni, kwani nyumba nyingi hukabidhiwa na mabomba matupu ukutani, bila sinki wala jiko.

Leo mwandikie huyo bwana hivi: "Niko tayari kulipa amana ya yuro 1,440 kwa awamu tatu, kwa benki, baada ya kusaini mkataba. Naomba pia karatasi ya kujiandikisha na, kama wewe si mwenye mali, ruhusa yake ya maandishi." Akikasirika au akinyamaza, achana naye. Mwombe rafiki yako wiki mbili zaidi, uendelee kutafuta. Mkataba wowote utakaoupata, upeleke kwanza chama cha wapangaji, Mieterverein. Kuna ada ya uanachama, lakini wana wanasheria watakaousoma kabla hujatia saini.